Ramani Kabla ya Bajeti: Kaunti za Kenya na Upangaji wa Ardhi, Barabara na Huduma

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliunda serikali 47 za kaunti, zilizoanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013, na katika Jedwali lake la Nne ikazikabidhi barabara za kaunti, maegesho, usafiri wa umma wa barabarani, upimaji wa ardhi, masoko, machinjio, zahanati na shule za chekechea. Mgawanyo huo una mantiki, kwa kuwa penye nyumba watu hudai barabara, na inapopita barabara soko huota hata kama hakuna aliyelipanga, hivyo anayeamua jambo moja kati ya haya bila kuangalia mengine huwa hajaamua lolote kikamilifu.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inakataza fedha za umma kutengwa nje ya mfumo wa mipango. Mpango ambao wananchi huusikia zaidi ni Mpango Jumuishi wa Maendeleo, wa miaka mitano, unaoorodhesha miradi ya kipindi kizima. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Usiosikika sana ni mpango wa matumizi ya nafasi, yaani ramani ya kidijitali ya miaka kumi inayoonyesha sehemu zipi ni za makazi, kilimo, viwanda au hifadhi, na njia na huduma zitapita wapi. Kwa haki, ramani ingetangulia na orodha ikafuata, lakini kaunti nyingi ziliandika orodha kwanza, tena kwa kugawa miradi wadi kwa wadi, kwa kuwa kila mwakilishi wadi huhitaji cha kuwaonyesha wapiga kura. Ndiyo maana soko jipya lililojengwa mbali na kituo cha matatu hubaki tupu, huku wachuuzi wakirudi kandokando ya barabara walikozoea wateja.

Ugumu wa kazi hii huonekana wazi zaidi pembezoni mwa miji. Upanuzi wa barabara kuu ya Nairobi hadi Thika, yenye urefu wa kilomita 50 hivi, ulikamilishwa na serikali ya kitaifa mwaka 2012, na mashamba ya Ruiru na Juja, ambako kahawa ilistawi kwa miongo mingi, yakazidi kukatwa viwanja na kuota majengo ya ghorofa. Maji, mitaro ya maji taka, taka na barabara za ndani vikawa mzigo wa Kaunti ya Kiambu, ambayo haikuwapo barabara ilipokuwa ikijengwa. Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka mwenye shamba aombe idhini ya kaunti kabla ya kuligawa au kubadilisha matumizi yake, na idhini hiyo inaweza kuambatana na sharti la kuachia sehemu ya ardhi kwa ajili ya njia na huduma za umma. Hapa ndipo kaunti hushinda au hushindwa. Ardhi ikishauzwa vipande vya futi 50 kwa 100, na mpimaji akiwa ameacha kichochoro tu, gari la zimamoto halitapita, na kiwanja cha shule kitapatikana kwa fidia ambayo bajeti haiwezi kuibeba.

Kuhusu barabara zenyewe, uainishaji wa mwaka 2016 ulihesabu takriban kilomita 160,000 nchini, na zaidi ya 120,000 kati ya hizo zikawa za kaunti, ingawa magavana na wabunge wameendelea kuvutana juu ya fedha za kuzitengeneza.

Wananchi wana haki ya kushirikishwa katika hatua zote hizi, lakini kalenda huwaponyoka wengi. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, miezi kumi kabla ya mwaka wa fedha unaoanza Julai, ilhali makadirio ya bajeti hufika kufikia mwisho wa Aprili. Mkazi anayengoja kikao cha Mei ili aombe daraja huenda akajibiwa kwamba halimo katika mpango, na kisheria jibu hilo lina msingi.