Pampu ya joto: Nyumba iliyozibwa vizuri yataka mashine ndogo

SOKO la pampu za joto nchini Ujerumani limepanda na kuporomoka ndani ya muda mfupi. Mwaka 2022 ziliuzwa pampu 236,000, mwaka 2023 zikafika 356,000, kisha mwaka 2024 mauzo yakaanguka hadi 193,000, sawa na upungufu wa asilimia 46 hivi katika mwaka mmoja.

Anguko hilo lilitokana zaidi na nyumba za zamani, ambazo wenyewe walisita kubadili boila zao baada ya malumbano marefu juu ya sheria ya upashaji joto mwaka 2023. Kwa nyumba mpya mambo yalikuwa tofauti. Takwimu za serikali ya nchi hiyo zinaonyesha kuwa katika majengo ya makazi yaliyokamilika mwaka 2024, asilimia 69.4 yalitegemea pampu ya joto kuwa chombo kikuu cha kupashia joto.

Hata hivyo, anayejenga nyumba mpya ana hesabu ngumu kuliko jirani yake wa nyumba ya zamani. Ruzuku iliyoanza mwaka 2024, ambayo inaweza kufika asilimia 70 ya gharama, ni ya kubadilisha mitambo katika nyumba zilizokwisha kuwepo. Mwenye nyumba mpya hapewi ruzuku hiyo. Akikosea kuchagua mashine, hasara ni yake mwenyewe.

Pampu ya joto si mashine ngeni kwa anayejua friji. Friji huchota joto kutoka ndani ya kabati lake na kulitupa nyuma. Pampu hufanya kazi hiyo hiyo, ila kabati lake ni hewa ya nje. Hata hewa yenye baridi ya kugandisha maji ina joto ndani yake, na kompresa hulikusanya, hulipandisha na kuliingiza nyumbani. Kwa yuniti moja ya umeme, pampu iliyopangwa vizuri huingiza ndani yuniti tatu hadi nne za joto.

Uwiano huo ndio roho ya biashara yote. Mwaka 2024 yuniti ya umeme kwa mwananchi wa kawaida wa Ujerumani iligharimu karibu senti 40 za Yuro, na ya gesi karibu senti 12. Maana yake ni kwamba pampu isiyoweza kutoa zaidi ya yuniti tatu kwa moja haimshindi mwenye boila ya gesi kwa bei hizo.

Chukua mfano wa nyumba ya familia ya watu wanne, yenye eneo la mita za mraba 140. Kuta zina tabaka nene la pamba ya mawe au povu gumu, madirisha yana vioo vitatu, na hewa chafu inayotolewa nje hupitishwa kwanza kwenye kifaa kinachoipokonya joto na kuipa hewa safi inayoingia. Nyumba ya namna hiyo hupoteza takriban wati 100 kwa kila digrii moja ya tofauti kati ya ndani na nje: wati 85 kupitia kuta, paa, sakafu na madirisha, na 15 kupitia hewa.

Usiku wa baridi kali, nje ikiwa digrii 12 chini ya sifuri na ndani digrii 20, tofauti ni digrii 32. Zidisha kwa 100, unapata wati 3,200. Kilowati tatu na kidogo! Nyumba ya zamani ya ukubwa huo huo, isiyozibwa, hupoteza kwa urahisi mara tatu ya kiasi hicho.

Jambo hili si jipya. Nyumba nne zilizojengwa kwa safu katika kitongoji cha Kranichstein, mjini Darmstadt, na kukaliwa mwaka 1991, zilithibitisha kuwa joto linalohitajika laweza kushuka hadi wati 10 tu kwa kila mita ya mraba. Kilichobaki nyuma ni mazoea ya mafundi. Wengi walizoea boila ya gesi ya kilowati 20 na zaidi, na boila ikizidi ukubwa mwenye nyumba haumii sana. Wakipewa kazi ya pampu, hukisia, kisha huongeza kidogo "kwa usalama", na nyumba inayohitaji kilowati tano ikaletewa mashine ya 12.

Hasara huanzia hapo. Siku nyingi za majira ya baridi huko si za baridi kali. Nje ikiwa digrii 7, nyumba ya mfano huu inahitaji wati 1,300 tu, na sehemu ya hizo hutolewa na jua, jiko na miili ya watu. Mashine ya kilowati 12 mara nyingi haiwezi kushuka chini ya kilowati tatu au nne. Basi huwaka, hujaza joto kwa dakika chache, huzima, huwaka tena. Kompresa huchakaa upesi na umeme hutumika vibaya. Ndipo mteja huuziwa tangi la ziada la kutunza joto, yaani analipa mara ya pili ili kurekebisha kosa la kwanza.

Dawa yake ni hesabu ya chumba kwa chumba, ambayo Ujerumani ina kanuni yake, DIN EN 12831. Kwa usiku wachache wa baridi kupita kiasi, hita ndogo ya umeme iliyomo ndani ya pampu husaidia, na kwa kuwa hufanya kazi saa chache kwa mwaka haiathiri sana bili.

Jambo la pili ni joto la maji. Mabomba yaliyofukiwa sakafuni hutosheka na maji ya digrii 35 au pungufu, wakati mfumo wa zamani wa ukutani hutaka 55. Kila digrii inayopunguzwa huokoa karibu asilimia mbili ya umeme. Kuweka mabomba hayo karibu karibu wakati sakafu ingali wazi ni gharama ndogo. Kuyaongeza baada ya kumwaga zege haiwezekani.

Maji ya kuoga nayo yasisahauliwe. Katika nyumba ya mfano, kupasha vyumba joto kwaweza kuchukua yuniti 5,000 za joto kwa mwaka na maji ya moto yuniti 2,500. Pampu ikitoa nne kwa moja upande wa sakafu na tatu kwa moja upande wa maji, umeme wote ni yuniti 2,083, sawa na Yuro 833 kwa bei ya senti 40. Boila ya gesi ingekula Yuro 950 hivi. Lakini pampu iliyopangwa ovyo, yenye wastani wa 2.8, humgharimu mwenye nyumba Yuro 1,071. Wanaopata tarifa maalumu ya pampu hulipa pungufu, ila tofauti kati ya mpango mzuri na mbaya haiondoki.

Mashine nyingi mpya hutumia propani, ambayo imo pia katika mitungi ya gesi ya jikoni. Haidhuru tabaka la hewa kama gesi za zamani, lakini inawaka. Kwa hiyo sehemu ya nje huwekwa mbali na milango, madirisha na mashimo ya ngazi ya chini, na nafasi hiyo lazima ionekane kwenye ramani mapema.

Wakati wa kiangazi pampu hiyo hiyo hugeuzwa kuwa ya kupoza. Maji ya sakafuni hayatakiwi kushuka sana chini ya digrii 18, vinginevyo sakafu hutoa jasho na kuwa telezi. Kiasi cha ubaridi kinachopatikana ni kidogo, hivyo kivuli cha nje kwenye dirisha la magharibi hufanya kazi ambayo sakafu haiwezi.

Wauzaji wa viyoyozi wa Dar es Salaam na Mombasa wanaifahamu mashine hii, kwani kiyoyozi ni pampu ya joto iliyoelekezwa upande mmoja. Kile cha BTU 12,000 ni kilowati 3.5, kiasi kinachozidi mahitaji ya nyumba nzima ya mfano usiku wa barafu. Na kosa la ukubwa lipo huku pia: kiyoyozi kikubwa katika chumba kidogo hupoza haraka, huzima kabla ya kukausha unyevu, na mwenye chumba hulala katika ubaridi wa majimaji huku mita ya umeme ikiendelea kuhesabu.