Kumpima Dume Kabla ya Kumhasi

Katika maongezi haya twataka kueleza habari ya kuupima mwili wa mnyama wa kazi. Elimu hii ilikuzwa sana na wafugaji wa farasi, na farasi ni mgeni katika nchi zetu. Usubi humwambukiza ugonjwa wa farasi, na mbung'o humletea nagana. Katika vita ya mwaka 1916 majeshi yaliyoingia nchi hii kutoka Afrika Kusini yalipoteza farasi kwa maelfu, wengi wakifa kwa maradhi. Lakini katika uwanda wa juu wa Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, tunaye maksai, na yanayosemwa juu ya umbo la farasi karibu yote yamhusu yeye pia.

Mwaka 1762 Mfaransa mmoja, Claude Bourgelat, alifungua shule ya uganga wa wanyama katika mji wa Lyon. Aliwafundisha wanafunzi wake kutumia kichwa cha farasi mwenyewe kuwa kipimo: farasi mwenye umbo zuri, alisema, kimo chake ni vichwa viwili na nusu, na urefu wa mwili wake vivyo hivyo. Baadaye huko Uingereza alikufa farasi mmoja mashuhuri, jina lake Eclipse, aliyezaliwa mwaka 1764 na ambaye hakushindwa katika mbio hata mara moja. Alipokufa mwaka 1789, Charles Vial de Sainbel aliupima mwili wake kiungo kwa kiungo, akitafuta sababu ya mbio zile. Husimuliwa ya kwamba Eclipse alikuwa mkali mno, hata ikafikiriwa ahasiwe. Hakuhasiwa, na farasi wengi sana wa mbio walio hai leo, ukifuata upande wa baba, ni wa uzao wake.

Basi na tutazame mambo yalivyo kwetu. Zamani Wafipa walilima kwa jembe la mkono, wakifukia majani katika matuta ya mviringo yaitwayo ntumba ili yaoze na kuirutubisha ardhi. Leo mashamba mengi ya mahindi na maharagwe hulimwa kwa plau, na kila mkulima ataka maksai mwenye nguvu. Kwa hiyo atazamapo ndama wake madume, amchagua yule mwenye kifua kipana na miguu iliyonyoka, amhasi, amfundishe nira. Yule mwembamba, asiyefaa kukokota kitu, huachwa tu. Na huyo aliyeachwa ndiye apandaye majike. Baada ya miaka kadha twasikia watu wakilalamika kwamba ng'ombe wa siku hizi wamekuwa wadogo, na lawama yote hupewa malisho. Malisho yana sehemu yake, hatukatai. Lakini twawezaje kupata maksai wakubwa ikiwa kila mwaka tunaikata mbegu ya wakubwa?

Dawa yake ni kupima kabla ya kuhasi. Hahitajiwi mtaalamu, yatosha utepe wa fundi cherehani, au kamba isiyovutika na rula ya mtoto wa shule. Mpime mnyama asubuhi kabla hajala wala kunywa, kwa maana tumbo lililojaa hudanganya. Asimame mahali tambarare, miguu minne ikiwa sawa, kichwa kisiinamishwe. Pitisha kamba nyuma ya nundu, ishuke nyuma ya miguu ya mbele, ikazwe kiasi cha kugusa ngozi bila kumbana. Hicho ni kipimo cha kifua, nacho ndicho kikubwa kuliko vyote, kwa sababu humo mna moyo na mapafu. Kisha pima urefu, tangu ncha ya bega hata mfupa wa matako ulio kando ya mkia.

Kwa vipimo hivyo viwili twaweza kukadiria uzito. Zidisha kifua kwa kifua, kisha kwa urefu, vyote kwa sentimita, halafu gawanya kwa 10,840. Jibu ni kilo. Mnyama mwenye kifua cha sentimita 150 na urefu wa sentimita 125 hupata karibu kilo 260. Hesabu hii ilitungwa kwa ng'ombe wa Ulaya wasio na nundu, kwa hiyo kwa ng'ombe wetu ni makisio tu. Hata hivyo ni bora kuliko maneno ya muuzaji mnadani. Maksai huweza kukokota kwa saa kadha mzigo wa nguvu ipatayo sehemu moja ya kumi ya uzito wake; huyu wetu, basi, ni kilo 26. Ndiyo maana katika udongo mgumu jozi moja ya maksai wadogo huchoka upesi, na watu hulazimika kufunga jozi mbili.

Kamba haisemi yote. Simama nyuma ya mnyama umtazame akitembea: vifundo vya miguu ya nyuma visikwaruzane. Mgongo uwe umenyoka, kwato ziwe sawa, na kati ya miguu ya mbele pawe na nafasi. Kasoro ya mguu ni mbaya kuliko udogo, maana mnyama mdogo hulima kidogo, lakini kilema hakilimi kabisa.

Wapimeni ndama madume wanapofikia mwaka mmoja, na kuwalinganisha wa umri mmoja tu. Mkumbuke pia ndama ambaye maziwa ya mama yake yalikamuliwa yote: huenda amedumaa kwa njaa, si kwa ukoo. Yule wa kwanza kwa kifua na miguu aachwe awe fahali. Wa pili na wa tatu watafaa sana kwa nira. Wengine wote wahasiwe wasije wakawahi majike, na jambo hili lataka mapatano ya kijiji kizima, kwa kuwa ng'ombe huchungwa pamoja, na dume mbaya wa jirani mmoja huzaa katika mazizi ya wote. Tena fahali asikae zizini hata binti zake wakomae, asije akawapanda. Kabla ya hapo abadilishwe na fahali wa kijiji cha mbali, naye huyo apimwe kwa kamba ile ile kabla hajapokewa.