Mifugo wakifurika mnadani, mfugaji ana hofu: Pesa nazo zasemaje?

Ukifika soko la mifugo la Garissa siku ya mnada, usikimbilie kuuliza bei. Wenye soko lao huhesabu kwanza. Malori mangapi yanasubiri mzigo wa Nairobi na Mombasa? Makundi mangapi yameingia tangu alfajiri? Ng'ombe wangapi watarudishwa jioni bila mnunuzi? Bei inakuambia habari za leo tu. Wingi wa wanyama ndio unaokuambia wafugaji wanawaza nini kuhusu mwezi ujao.

Kumbuka ukame wa 2020 hadi mapema 2023. Mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, na kila mtu akataka kuuza kabla ng'ombe hajaanguka. Masoko yakafurika mifugo waliokonda, bei ikaporomoka, na mwishowe zaidi ya mifugo milioni 2 wakafa nchini. Aliyeuza mapema alibaki na kitu mfukoni. Aliyengoja kuona majirani wakiuza alikuta foleni.

Sasa, kijana mwenzangu uliyeuza mbuzi wawili watatu na unajiuliza pesa hizo uziweke wapi, hesabu hiyo hiyo ndiyo wanayoipiga mabroka wa Nairobi. Wao wanaiita mtiririko wa fedha: pesa zilizoingia kwenye soko au hazina ya uwekezaji, ukitoa zilizotoka. Zikiingia nyingi, watu wana imani. Zikitoka kwa fujo, kuna woga, hata kama bei bado haijaonyesha.

Tulishaliona hili Februari 2024. Kwa miezi mingi wawekezaji wa kigeni walikuwa wakiuza hisa zao katika Soko la Hisa la Nairobi, wakihofia Kenya haitalipa deni la Eurobond la dola bilioni 2 lililokuwa likiiva Juni. Dola moja ilifika karibu Sh160. Kisha serikali ikapata mkopo mpya wa dola bilioni 1.5 wa kulipia sehemu kubwa ya deni hilo. Siku chache baadaye Benki Kuu ikauza hatifungani ya miundomsingi, isiyotozwa kodi, ya asilimia 18.46. Ilikuwa inatafuta Sh70 bilioni. Ikaletewa maombi ya zaidi ya Sh280 bilioni. Kabla ya Machi kuisha, dola ilikuwa imeshuka hadi karibu Sh130. Waliokuwa wakiangalia bei ya dola pekee walishtuka. Walioangalia pesa zinaelekea wapi hawakushtuka sana.

Kwa mtu mdogo, takwimu za karibu zaidi ni zile ambazo Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, hutoa kila robo mwaka kuhusu hazina za uwekezaji wa pamoja, zile ambazo siku hizi unajiunga nazo kwa simu, nyingine kwa Sh100 tu. Mwisho wa Desemba 2024 hazina hizo zilisimamia Sh389.2 bilioni. Machi 2025 zikawa na Sh496.2 bilioni. Hapo utaona matangazo: "Wakenya waweka Sh107 bilioni!"

Polepole. Kundi la mbuzi likiongezeka, si wote walionunuliwa, wengine wamezaliwa zizini. Hazina nayo inazaa. Tuseme robo hiyo ilipata faida ya asilimia 3: hiyo ni karibu Sh12 bilioni ambazo hakuna aliyezileta. Pesa mpya basi ni kama Sh95 bilioni. Bado ni nyingi mno, lakini ndiyo hesabu ya kweli, na tangazo likikuonyesha ukubwa wa hazina bila kutoa faida, linakuonyesha zizi bila kukuambia ndama ni wangapi.

Ajabu ni kwamba pesa hizo zilikuwa zikimiminika huku faida ikishuka. Benki Kuu ilianza kupunguza riba yake Agosti 2024 kutoka asilimia 13, na kufikia Aprili 2025 ilikuwa asilimia 10. Mbona watu hawakukimbia? Kwa sababu hati za serikali na akaunti za benki zilishuka pia, tena upesi. Hazina zilikuwa bado zimeshika hati za zamani zenye faida nono, kwa hiyo zilichelewa kushuka. Hapo mtiririko ulieleza kwamba watu wamekosa pa kwenda kwingine. Hiyo si sawa na imani, na anayeingia mwisho ndiye anayekuta hati hizo nono zimeshaisha.

Kuna mtego mwingine ambao sisi wa huku tunaujua vizuri. Novemba 2023, na tena msimu wa mvua wa 2024, mafuriko ya Tana yalikata barabara pale Madogo. Mtu wa Nairobi akihesabu malori tu wiki hiyo, angesema biashara ya Garissa imekufa. Wapi! Barabara ndiyo iliyokatika. Kwa hiyo namba ikishuka, ulizia barabara kwanza.

Halafu kuna pesa zetu zisizoonekana. Hazina nyingi kati ya hizi huweka pesa kwenye riba, na Waislamu wengi wa Garissa, Wajir na Mandera hawaigusi. Wanangoja zile za kisharia, ambazo bado ni chache. Pesa zao ziko kwenye ngamia, maduka na hawala. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilifunga kampuni 13 za kutuma pesa kwa zaidi ya miezi 2. Njia ya wazi ikazibwa, lakini familia zilihitaji kula hata hivyo. Anayetaka kujua wawekezaji wa Kaskazini Mashariki wanahisi nini leo asitegemee ripoti ya CMA peke yake. Aje mnadani alfajiri, ahesabu malori.