Wivu Uliozaa Riwaya

Mwaka 1937, mwandishi Daphne du Maurier alikuwa Alexandria, Misri, alikotumwa mumewe, afisa wa jeshi la Uingereza. Joto lilimchosha, na moyo wake ulibaki Cornwall, kwenye jumba la Menabilly. Huko ugenini akaanza kuandika *Rebecca*. Maneno yapatayo 15,000 ya mwanzo aliyatupa, akaanza upya. Nasi twaona si wengi wenye ujasiri huo.

Kiini kilikuwa wivu. Mumewe aliwahi kumchumbia mwanamke mwingine kabla yake, na fikra hiyo haikumpa raha. Basi akambuni bibi arusi anayeishi na kivuli cha mke aliyefariki, aliyesifiwa katika kila chumba. Bibi arusi huyo hakupewa hata jina.

Riwaya ilitoka mwaka 1938. Jumba lenyewe alilipanga mwaka 1943.