Maji Yanayobaki Gesi Ikishaondoka

Waliooga kwa ile Lifebuoy nyekundu ya zamani wanaijua harufu ya fenoli, hata kama jina lenyewe hawajawahi kulisikia. Mkemia Mjerumani Friedlieb Runge aliitenga mwaka 1834 kutoka kwenye lami ya makaa ya mawe. Miaka 31 baadaye, daktari Joseph Lister akaanza kuitumia Glasgow kwenye vidonda vya wagonjwa wake ili visioze. Ni kitu kinachoua wadudu kweli, na tatizo lake liko hapohapo: kikiingia mtoni hakichagui cha kuua.

Leo fenoli ya makaa hupatikana kwa wingi kwenye majitaka ya viwanda vinavyogeuza makaa kuwa gesi, na kwa Afrika mahali pa kuitazama ni Secunda. Mji huu wa Mpumalanga, Afrika Kusini, ulijengwa kwa ajili ya kampuni ya Sasol baada ya bei ya mafuta kupaa mwaka 1973. Hapo makaa hugeuzwa gesi, na gesi ikageuzwa petroli na dizeli.

Vinu vyake, zaidi ya 80, ni vya aina ya Lurgi. Makaa ya vipande huingizwa kwa juu, oksijeni na mvuke husukumwa kutoka chini, kwa mgandamizo unaokaribia mara 30 ya ule wa hewa ya kawaida. Moto mkali uko chini. Huku juu makaa mapya yanapashwa joto taratibu, yanatoa lami na fenoli, na gesi inaondoka navyo kabla havijaonja moto wa kuviteketeza. Mvuke nao huletwa mwingi kuliko unaotumika. Gesi ikipozwa, mvuke huo unarudi kuwa maji, nayo yamebeba kila kinachokubali kuyeyuka: fenoli kwa maelfu ya miligramu kwa lita, amonia vilevile, salfaidi, sianidi. Vipo vinu vingine vinavyotumia makaa ya unga kwa joto la nyuzi 1,400 na zaidi, ambavyo karibu havitoi fenoli kabisa kwa kuwa joto hilo huivunjavunja. Lakini Lurgi inavumilia makaa yenye majivu mengi, na makaa ya namna hiyo ndiyo Afrika Kusini iliyojaliwa.

Maji hayo hayamwagwi hivihivi. Lami hutengwa, fenoli huvutwa kwa kiyeyushi cha jamii ya etha, amonia hufukuzwa kwa mvuke, na kinacholipa huuzwa. Yanayobaki hulishwa bakteria, kisha yakatumika kupozea mitambo. Kila hatua huendeshwa kwa namba zinazotoka maabara, na haya ni maji hodari wa kuidanganya maabara.

Udanganyifu wenyewe huanzia kwenye chupa. Fundi anapokinga sampuli bombani hujaza chupa kadhaa, na kila moja hutunzwa kivyake. Ya fenoli ni ya kioo. Hutiwa tindikali ya salfa mpaka pH ishuke chini ya 2, ikawekwa kwenye baridi ili bakteria wasiianze kabla ya mpimaji. Ya sianidi, iliyokingwa bomba hilohilo dakika hiyohiyo, hutiwa kostiki soda mpaka pH ipite 12. Kabla ya hapo tone lake hudondoshwa kwenye karatasi ya asetati ya risasi: karatasi ikiwa nyeusi, salfaidi ipo na lazima iondolewe, la sivyo itaiharibu sianidi chupani. Anayeona uvivu akataka chupa moja itoshe kwa yote akumbuke kwamba tindikali ikikutana na sianidi hutoa gesi inayoua mtu. Nami naamini ripoti nyingi mbovu huharibikia hapa, kwenye gari na kwenye boksi la barafu, kabla mashine yoyote haijawashwa.

Kipimo cha fenoli kinachotumika sana ni kile alichokieleza Emerson mwaka 1943. Sampuli huchemshwa na mvuke wake kukingwa, kama mpika gongo afanyavyo, ili fenoli iachane na uchafu mwingine. Kisha pH hupandishwa hadi 10, hutiwa aminoantipirini, ikafuatiwa na ferisianidi ya potasiamu, na maji yanageuka mekundu. Wekundu huo husomwa kwa spektrofotomita kwenye mwanga wa nanomita 510. Kipimo ni rahisi na cha haraka, na kwenye ripoti matokeo yake huandikwa “jumla ya fenoli”.

Jumla hiyo si jumla. Fenoli ni ukoo mzima, na makaa hutoa fenoli ya kawaida pamoja na ndugu zake, wakiwemo kresoli za aina tatu. Kresoli ya para, ambayo kwenye maji haya si haba, ina tawi lake mahali palepale aminoantipirini inapotaka kushika, kwa hiyo karibu haitoi rangi. Ipo kwenye chupa, haipo kwenye karatasi. Anayetaka kuiona atumie kromatografia ya gesi, yenye gharama zaidi. Mdhibiti anayepokea “jumla ya fenoli” bila kuuliza imepimwaje amepokea nusu ya habari.

Na kiasi kidogo hapa kina maana kubwa. Secunda iko kwenye bonde la juu la Mto Vaal, na Bwawa la Vaal ndilo linaloinywesha Johannesburg na majirani zake. Fenoli ikikutana na klorini ya kusafishia maji huzaa klorofenoli, na baadhi yake ulimi huzigundua hata zikiwa chini ya mikrogramu 1 kwa lita. Mtu wa mjini atasema maji yana ladha ya dawa, naye atakuwa sahihi.

Vipimo vya oksijeni inayohitajika kuumaliza uchafu navyo vina hila zao. Kile cha siku 5, cha nyuzi 20, hutegemea bakteria wanaokula uchafu. Ukiwatia bakteria wasiozoea kwenye maji yenye fenoli nyingi wanakufa, oksijeni haitumiki, na maji yenye sumu kali yanasomeka kama masafi. Kile cha kikemikali, cha kuchemsha saa 2 kwa dikromati, hakiogopi sumu, ila piridini, nayo ni mtoto wa makaa, hukipita bila kuguswa.

Kuna jingine linalonivutia kuliko yote. Watafiti waliochunguza maji ya aina hii North Dakota, Marekani, miaka ya 1980, ulikojengwa mtambo wa Great Plains wa vinu hivyohivyo vya Lurgi, walikuta kemikali iitwayo haidantoini ambayo haikutoka kwenye kinu. Asetoni, sianidi, amonia na kabonati zilikuwa zimekutana ndani ya maji yaliyopoa na kuiunda humohumo. Kwa kuwa inapenda maji, kiyeyushi kinachovuta fenoli huiacha nyuma, na maji yakizungushwa kwenye minara ya kupozea huvukizwa huku yenyewe ikizidi kukolea. Mpimaji makini hujumlisha kila alichokitambua kwa jina, akakilinganisha na oksijeni yote iliyotumika kwenye dikromati. Namba zisipokutana, kuna kitu kwenye chupa ambacho hakuna aliyekitafuta, na safari ya bombani inaanza upya.