Rekodi za Ncha za Dunia: Nani Alifika, Nani Alirudi

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hiyo ya mabaharia ndiyo kipimo changu ninaposoma rekodi za ncha za dunia. Orodha nyingi hutaja aliyefika kwanza, aliyekwenda haraka na aliyekwenda mbali. Hii inauliza pia: alirudije? Zamani ncha ilikuwa katikati ya safari. Siku hizi, kwa wasafiri wengi, ndiyo mwisho wake, kwa kuwa ndege huja kuwachukua.

Wa kwanza kufika Ncha ya Kusini

Ni Roald Amundsen wa Norwei. Aliondoka kambini kwake, Framheim, tarehe 19 Oktoba 1911 pamoja na wenzake wanne na mbwa 52 wa kuburuta sleji. Tarehe 14 Desemba walikuwa nchani, na tarehe 25 Januari 1912 wote watano wakaingia kambini wakiwa wazima, baada ya siku 99. Mbwa waliorudi walikuwa 11. Wengi wa wale wengine walichinjwa njiani, wakaliwa na watu na mbwa wenzao, na mpango huo mkali uliwekwa kabla ya safari. Maghala yao ya chakula yaliwekewa mistari ya bendera, kulia na kushoto, ili hata aliyepotoka njia ayaone.

Robert Scott wa Uingereza alifika tarehe 17 Januari 1912 akiwa na wenzake wanne, akakuta bendera ya Norwei. Hakuna aliyerudi. Watatu wa mwisho, Scott mwenyewe akiwa mmoja wao, walifia hemani, kilomita 18 tu kabla ya ghala lao kubwa.

Rekodi yenye ubishi kuliko zote

Robert Peary wa Marekani alidai kufika Ncha ya Kaskazini tarehe 6 Aprili 1909. Alikuwa na Matthew Henson, Mmarekani mweusi aliyesafiri naye kwa miaka mingi, na Wainuiti wanne, wenyeji wa Aktiki: Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah. Vipimo vya Peary vinatiliwa shaka hadi leo. Lisilo na shaka ni kwamba sleji, mbwa, mavazi ya manyoya na maarifa ya barafu vilitoka kwa Wainuiti, na ilichukua miaka mingi mno kabla ya majina yao na la Henson kutajwa kwa heshima inayowastahili.

Ya kwanza inayokubalika bila mzozo ni ya Norge, puto kubwa lenye injini lililopita juu ya ncha hiyo tarehe 12 Mei 1926. Amundsen na Oscar Wisting, mwenzake wa mwaka 1911, walikuwamo, wakawa watu wa kwanza kufika ncha zote mbili.

Safari kuu ya mashua

Meli ya Endurance ya Ernest Shackleton ilipondwa na barafu, ikazama Novemba 1915. Watu wote 28 wa meli hiyo waliishi juu ya barafu kwa miezi kadhaa, kisha wakafika Kisiwa cha Elephant, mahali ambapo hakuna meli iliyokuwa ikipita. Tarehe 24 Aprili 1916 Shackleton na wenzake watano walipanda James Caird, mashua ya takriban mita 7, wakavuka kilomita zipatazo 1,300 za bahari chafu kuliko zote. Nahodha Frank Worsley alipata jua la kupimia mahali walipo mara chache tu, lakini baada ya siku 16 walitua South Georgia. Watatu kati yao wakavuka milima ya kisiwa hicho kwa miguu kwenda kuomba msaada. Majaribio matatu ya kuwafuata waliobaki Kisiwa cha Elephant yalishindikana. La nne, kwa meli Yelcho ya Chile chini ya Luis Pardo, liliwaokoa wote 22 tarehe 30 Agosti. Hata hivyo, watatu wa kikosi chake kingine, kilichokuwa kikiweka maghala upande wa pili wa bara la Antaktika, walikufa, nao wasisahauliwe.

Wa kwanza kuvuka bara na bahari

Vivian Fuchs, mwanajiolojia aliyewahi kufanya utafiti Ziwa Turkana na Olduvai, aliongoza msafara wa kwanza kuivuka Antaktika nchi kavu: kilomita 3,473 kwa magari ya minyororo, kuanzia Novemba 1957 hadi Machi 1958. Upande wa kaskazini, Wally Herbert na wenzake watatu waliivuka Bahari ya Aktiki kwa sleji za mbwa mwaka 1968 na 1969, kutoka Alaska hadi Svalbard, kwa zaidi ya miezi 15.

Peke yao

Liv Arnesen wa Norwei alikuwa mwanamke wa kwanza kufika Ncha ya Kusini peke yake, Desemba 1994. Januari 2023 Preet Chandi wa Uingereza alimaliza kilomita 1,485 za Antaktika akiwa peke yake, akiburuta mzigo wake wote, safari ndefu kuliko zote za aina hiyo hadi wakati huo. Januari 2024 Vincent Colliard wa Ufaransa alifika Ncha ya Kusini kutoka Hercules Inlet, ukingoni mwa bara, kwa chini ya siku 23.

Kwenda na kurudi kwa miguu

Njia aliyoifia Scott haikukamilishwa hadi Februari 2014. Ben Saunders na Tarka L'Herpiniere waliburuta sleji zao kilomita 2,888 kwa siku 105. Hata wao, wakiwa njiani kurudi, iliwabidi waombe chakula kiletwe kwa ndege.

Uamuzi bora kuliko yote

Kwangu, rekodi ya juu kabisa ni ya mtu ambaye hakufika. Tarehe 9 Januari 1909 Shackleton na wenzake watatu walikuwa kilomita 180 hivi kutoka Ncha ya Kusini, karibu kuliko mtu yeyote kabla yao. Alipiga hesabu ya chakula, akaona kwamba wangefika lakini wasingerudi. Akageuka. Wote wanne walifika nyumbani. Scott na Amundsen wakapata nafasi ya kushindania ushindi ambao ungeweza kuwa wake, naye akapata miaka mingine ya kuongoza watu, wakiwamo wale wa Endurance. Rekodi ya namna hiyo haivunjwi na mwenye kasi zaidi.