Herufi Tano, Majaribio Sita

Jioni baada ya kazi, vyombo vikiisha kuoshwa, chukua kalamu ya risasi na kipande cha karatasi, uwaite watoto. Mchezo tunaokuletea leo hauhitaji fedha, bali wahitaji akili na msamiati.

Asili yake ni Wordle, fumbo la kila siku alilolitunga Josh Wardle, mzaliwa wa Wales, kwa ajili ya mwenzi wake aliyependa michezo ya maneno. Lilitolewa kwa watu wote mwaka 2021, na Januari 2022 likanunuliwa na gazeti la The New York Times la Marekani. Fumbo hilo ni la Kiingereza, lakini kanuni zake zafaa kabisa kwa Kiswahili. Mtu mmoja huficha neno la herufi tano. Wengine hulitafuta kwa majaribio sita, na kila jaribio sharti liwe neno kamili. Mfichaji huizungushia duara herufi iliyo mahali pake, huipigia mstari iliyomo lakini mahali pengine, na huikata isiyokuwamo.

Wengi hushindwa kwa kubahatisha. Kiswahili chenyewe kinakupa ufunguo: karibu maneno yetu yote huishia kwa irabu, nazo ni tano tu. Basi anza na KIATU, kisha PENGO. Kwa maneno hayo mawili umekwisha kuzipima irabu zote na konsonanti tano, bila kurudia hata herufi moja.

Tuseme katika KIATU, I na U zimepigwa mstari, nyingine zimekatwa. Na PENGO lote limekatwa. Fikiri sasa. Irabu zilizosalia ni I na U. U haikukubaliwa mwishoni. Kwa hiyo neno laishia kwa I. Unajaribu MJUZI: herufi nne zapata duara, J yakatwa. Yamebaki majaribio matatu. Usiharakishe, pitia konsonanti ambazo hazijakatwa, moja baada ya moja. Mara wapata: MBUZI!

Hapo ndipo penye faida. Mwulize mtoto mbuzi ni nini. Atajibu ni mnyama. Bibi aliyeketi pembeni atacheka, aseme mbuzi wake hali majani: ni kile kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, cha kukunia nazi. Mtoto aliyelelewa kwa tui la kopo huenda hajapata kukiona. Chombo kikitoka jikoni, jina lake nalo hutoka vinywani, isipokuwa liwepo la kulitaja.

Basi msimwache bibi nje ya mchezo. Mpeni zamu ya kuficha neno. Anayo UPAWA, KIFUU, PISHI na JAMVI, nanyi mtatoka jasho. Na likipatikana neno wasilolijua watoto, msilipite. Mzee alieleze kwanza, ndipo mchezo uendelee.